Zoezi na Picha Kamili: Juu ya Wachoraji wa Kompyuta wa Bujumbura

Uhakiki wetu umezoea kazi zilizokwisha. Tunapoichukua riwaya, tamthilia au diwani, tunaichukua ikiwa imepigwa chapa na kujalidiwa, kisha twauliza habari za fani na maudhui, dhamira na ujumbe, wahusika na mandhari. Ni nadra mhakiki kuyaomba makaratasi yaliyotupwa jaani. Katika uchoraji mazoea hayo yana madhara zaidi, kwa sababu picha ikisha kutundikwa ukutani haina ukurasa wa kwanza wala wa mwisho; mtazamaji huipokea yote kwa mara moja, akasema "nzuri" au "si nzuri", akaenda zake. Makusudio ya makala haya ni kuitazama ile sehemu ya kazi ya mchoraji ambayo haitundikwi, yaani mazoezi na rasimu, na hasa mazoezi ya vijana wa mji wetu wa Bujumbura wanaochora kwa kompyuta, tableti na simu. Nina sababu yangu ya kuichagua mada hii, nayo si ya kujivunia.

Miaka michache iliyopita niliombwa niwe mmoja wa waamuzi watatu katika maonyesho ya shule moja ya hapa mjini. Wenzangu wawili walikuwa waalimu kama mimi. Hapana hata mmoja wetu aliyepata kushika brashi. Kazi mbili zilibaki mwishoni. Ya kwanza ilikuwa sura ya bikizee aliyejifunga kitambaa kichwani, mikunjo ya uso imechorwa mmoja mmoja, macho yanang'aa kama yanayolengwalengwa na machozi. Ya pili haikuwa picha hasa. Zilikuwa karatasi kumi na mbili zilizochapishwa, kila moja imejaa vichoro vidogo vidogo: waendesha baiskeli wa barabara ya Bugarama wakiteremka na mikungu ya ndizi, kichwa cha mtu yule yule kilichorudiwa mara sita katika mwanga tofauti, ziwa lililopakwa kwa mabaka manne ya rangi na kuachwa hivyo. Tukampa ushindi mwenye bikizee, wala hatukuchukua dakika tano kukubaliana. Juu ya yule wa pili niliandika daftarini, kwa mkono wangu mwenyewe, neno moja tu: "Hajamaliza."

Baadaye mshindi akanionyesha, bila hofu na bila kuulizwa, jinsi alivyofanya. Alikuwa amechukua picha ya kamera ya mwanamke wa nchi ya mbali, iliyopigwa na mtu asiyemjua, akailaza chini, akaweka tabaka tupu juu yake, akafuatisha kila mstari. Na kila rangi aliichota katika picha ile ile, nukta kwa nukta. Kisha akaliondoa tabaka la chini. Hakuvunja sharti lo lote, kwa kuwa hatukuweka sharti. Kijana yule simlaumu. Waliokosa ni waamuzi: tuliambiwa tuhukumu uchoraji, sisi tukahukumu upigaji picha wa mgeni.

Nikamtafuta yule wa pili nyumbani kwao Buyenzi. Nilikuta ameacha kuchora tangu siku ya maonyesho. Akaniambia kwa adabu, macho chini, "Mwalimu, mliandika kwamba sijamaliza. Nami nimekaa nikijiuliza ni kitu gani nilichotakiwa kukimaliza." Sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kumwomba anionyeshe yote aliyonayo, na tangu siku hiyo amekuwa akinifungulia folda yake kila nipitapo. Jina lake ameniomba nisilitaje. Basi haya ni maoni yangu juu ya folda hiyo, na ni jaribio la kulijibu swali lake, ingawa nimechelewa.

Kwanza yafaa tuafikiane juu ya maneno, maana waalimu wa lugha tusipofanya hivyo, nani atafanya? Kitenzi "kuchora" hubeba mizigo mingi. Fundi huchora ubao wa mlango kabla ya kuutoboa kwa patasi, mtoto huchora mchangani kwa kijiti, mhandisi huchora ramani ya nyumba, na wote wanasema kweli. "Rasimu" nayo, ambayo katika Kiarabu asili yake ni mchoro wenyewe, siku hizi imechukuliwa na mawakili na wanasiasa. Ukisema rasimu watu hufikiri ni ya katiba. Ningependa tuirudishe nyumbani. Katika makala haya rasimu ni mchoro wa haraka unaonasa jambo lisipotee, kama vile mtu anavyoandika namba ya simu ukingoni mwa gazeti. Zoezi ni jambo jingine: ni mchoro unaouliza swali moja, na moja tu. Mwanga unatoka wapi? Mlima wa mbali una rangi gani ukilinganishwa na wa karibu? Uzito wa mwili umeegemea mguu upi? Zoezi likisha kujibu swali lake limekwisha, hata kama nusu ya karatasi ni nyeupe. Na nakala ni kitu cha tatu, ambacho hakina swali kabisa.

Kwa hiyo niliposema kijana hajamaliza, nilisema uongo. Mabaka yake manne ya ziwa yalikuwa yamemaliza kazi yaliyotumwa.

Katika ushairi hatufanyi kosa hili. Jirani yetu wa ziwa hili hili, Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, alituwekea kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo wanafunzi wetu wamehesabu mizani kwa vidole, nane na nane, wakatunga beti za kujizoeza vina ambazo hazikuwa na lengo la kusomwa na mtu. Hapana mwalimu anayemwambia mwanagenzi wa tarbia kwamba beti zake tatu "hazijamalizika". Twajua ni mazoezi, twayasahihisha kama mazoezi. Mwanagenzi wa picha twamnyima heshima hiyo kwa sababu tu hatuzijui mizani zake.

Ubishi juu ya zoezi si mgeni katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya mwisho ya 1930 Bibi Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere, akakataa kuwapitisha wanafunzi wake katika njia ya vyuo vya Ulaya, ya kuchora sanamu za plasta na miili ya watu hatua kwa hatua. Yeye aliwasimulia hadithi au kuwaeleza tukio, nao wakachora walichokiona moyoni. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alikuwa mwanafunzi wake, baadaye akafundisha pale pale. Picha zake za wanavijiji wakivuna na kujenga hazina vivuli vya kitaaluma, wala hazivihitaji. Mwaka 1958 Trowell aliondoka, akaja Cecil Todd, naye akaugeuza mtaala: mwili wa binadamu, nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, mazoezi juu ya mazoezi. Upande wa Kongo, huko Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana yake mwaka 1946, naye pia hakutaka wanafunzi wafuate mifano ya Ulaya. Bela akatia rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akazifuma picha kwa mistari mifupi mifupi kama msusi wa mkeka. Kisha Elimo Njau, aliyepita Makerere na kufungua Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, akatangaza kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Msomaji ataona kwamba karibu wote hao waliliogopa jambo moja, yaani nakala, na kwa kuiogopa baadhi yao wakalitupa na zoezi. Ningesema Trowell alikuwa na haki kwa wanafunzi wake na asingekuwa na haki kwa wetu. Vijana waliokaa mbele yake walikuwa wamebeba kuni, wamepalilia migomba, wamekaa gizani na kumtazama bibi akipuliza moto. Alipowaambia wachore kilichomo moyoni, moyoni mlikuwa na vitu. Maisha yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwafanyisha zoezi. Kijana wa mjini leo ametazama picha nyingi kuliko vitu. Mwambie afumbe macho, na atakachokiona aghalabu ni picha ya mtu mwingine aliyoitazama jana katika simu; ataichora kwa moyo safi, akiamini ni yake. Kwa kijana huyo kukaa barabarani na kumtazama mwendesha baiskeli kwa macho yake ndiko kunakomwokoa na nakala. Onyo la Njau latufaa sana, lakini linamhusu mwenye bikizee, halimhusu mwenye mabaka manne.

Iko njia nyingine, ambayo waalimu wa Kiswahili tungepaswa kuijua kuliko watu wote, nayo ni ya wachoraji wa sebuleni wa Lubumbashi. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa huko zilitundika picha zilizopakwa juu ya magunia ya unga: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au ile iitwayo Colonie belge, askari akimchapa mfungwa viboko mbele ya afisa wa Kibelgiji. Mchoraji alirudia picha ile ile kwa kadiri ya wateja wake. Katika kazi hiyo akatokea Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yake katika picha 101, akizieleza kwa Kiswahili cha huko huku maneno yake yakirekodiwa. Mchoraji wetu akasema juu ya picha, kwa lugha yetu, saa baada ya saa. Na sisi bado twalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuhakikia picha! Neno kubwa la wachoraji wale na wateja wao lilikuwa "ukumbusho". Picha ilipimwa kwa uwezo wake wa kukumbusha.

Je, kurudia mamba muntu mara ishirini ni zoezi? Nadhani si zoezi kwa maana niliyoieleza. Kurudia huuimarisha mkono, lakini zoezi hulisumbua jicho. Mkono wa Tshibumba ulikwisha kuimarika sokoni. Lakini alipotakiwa kuchora mambo ambayo hapana mchoraji wa mtaani aliyepata kuyachora kabla yake, mkono peke yake haukumtosha, ikambidi aulize upya watu wasimame wapi na nini kiwe mbele. Nimelitaja jambo hili kwa sababu folda ya kijana wa Buyenzi ina aina zote mbili, na yeye mwenyewe hakuwa akizitenga.

Sasa tuje kwenye chombo. Vibao vya kuchorea vya kampuni ya Wacom vimekuwapo tangu miaka ya 1980, programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, na siku hizi iko Krita, ambayo haitozwi hata senti moja. Mchoraji Mwingereza David Hockney, aliyekuwa mzee wa miaka sabini na ushei, alianza kuchora kwa kidole juu ya simu mwaka 2009 na kwa tableti mwaka uliofuata, na michoro hiyo ikatundikwa London mwaka 2012 pamoja na kazi zake za rangi ya mafuta. Basi hoja ya kwamba huu si uchoraji tuiache ilale. Katika Bujumbura chombo chenyewe mara nyingi ni simu iliyopasuka kioo na kalamu ya mpira ya bei rahisi. Ina fadhila moja ambayo aliyepata kununua rangi za mafuta atailewa mara moja: rangi yake haiishi. Mwanagenzi aliyekuwa akihesabu matone ya buluu sasa aweza kupaka anga mia na kuzitupa.

Lakini chombo hiki kina vishawishi vitatu, navyo vyote hushambulia zoezi. Kuhusu tabaka nimekwisha kusema. Cha pili ni kitufe cha kutangua. Katika rangi ya maji kosa likisha kuingia hukaa, na mchoraji hujifunza kuishi nalo au kulitangulia. Kwenye kioo kosa hufutika kana kwamba halikutokea, na kijana hupapasa mstari mmoja mara thelathini mpaka utokee wenyewe kwa bahati. Mstari wa bahati haufundishi. Kijana wetu alijiwekea sharti: katika zoezi la dakika ishirini kitufe hicho hakiguswi. Nimezitazama rasimu za kabla ya sharti na za baada yake, na tofauti ni dhahiri hata kwangu nisiye fundi. Za kwanza zina mistari safi isiyokwenda po pote. Za pili zina mistari mitatu minne ya kubahatisha ubavuni mwa mwendesha baiskeli, na katikati ya mistari hiyo mwili unateremka kweli.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi kwa sababu kinafanana na elimu. Ni kile kichombo cha kuchota rangi: ukigusa mahali po pote katika picha ya kamera, nacho hukupa rangi ile ile hasa. Mwanagenzi hudhani amejua rangi ya ngozi, kumbe amejua rangi ambayo kamera iliichagua. Tena rangi haiishi peke yake. Jivu lile lile likiwekwa kando ya nyekundu huonekana kama lina ukijani. Ukiliweka kando ya buluu, hugeuka na kuelekea machungwa. Anayechota hukusanya rangi moja moja kama mtu akusanyaye maneno ya kamusi pasipo kuisikia sentensi. Anayekisia kwa jicho, akakosea, kisha akalinganisha, ndiye aliyejifunza ujirani wa rangi. Nilimshauri kijana achore kwa kukisia kwanza, na kukitumia kichombo mwishoni tu, kujisahihishia. Akacheka, akaniambia amekuwa akifanya hivyo tangu mwaka juzi.

Nije kwenye mazoezi yenyewe. Yaliyo bora katika folda nzima ni ya ziwa. Bujumbura iko kiasi cha nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili, nyuma ya milima ya Kongo juu ya Uvira, na likisha kuzama giza halichelewi. Mchoraji wa rangi za mafuta hana muda wa kuchanganya. Kijana ameufanya upungufu huo kuwa kanuni: kila jioni mabaka manne, yaani anga, mlima, maji ya mbali, maji ya karibu, hakuna mashua, hakuna kiboko, hakuna wapenzi wawili ufukoni. Kila zoezi limeandikwa tarehe, saa na hali ya hewa. Hakujua, mpaka nilipomwambia, kwamba Mwingereza John Constable aliandika vivyo hivyo nyuma ya mazoezi yake ya mawingu mwaka 1821 na 1822. Ukiyafungua ya kijana kwa mfululizo, kutoka mvua za Aprili mpaka kiangazi cha Agosti, utaona jambo ambalo sisi wenyeji tumelitazama maisha yetu yote pasipo kuliona: wakati wa mvua mlima wa ng'ambo ni buluu nzito yenye makali, hata mabonde yake waweza kuyahesabu, kadiri vumbi na moshi wa kiangazi vinavyoongezeka mlima unapungua, unakuwa zambarau, kisha jivu, na katika mazoezi mawili ya Agosti haupo kabisa. Baka la mlima lina rangi ya anga. Mwenye pupa angeuchora mlima kwa kuwa anajua upo. Yeye hakuuchora kwa kuwa hakuuona. Hapo nilikaa kimya mbele ya kioo kwa muda, nikalikumbuka neno langu la daftarini.

Kasoro nayo ipo, na si haki kuificha. Mazoezi ya mwanzo ya jioni yana anga za buluu kali mno. Kosa hilo si la macho yake. Ni la kioo. Kioo cha simu hutoa nuru yake chenyewe, na nje kukiwa na giza hung'aa kuliko dunia. Tena simu yake ilijigeuza rangi kila jioni, ikatia umanjano ili kupumzisha macho. Mchoraji akapaka buluu ya kufidia umanjano ambao haukuwa mlimani. Alipovigundua na kuvizima vyote viwili, mwanga wa kujigeuza na umanjano wa jioni, anga zake zikatulia. Mwalimu atakayesimamia vijana wa namna hii na alijue jambo hilo kabla ya kuwalaumu kwa kukosa jicho.

Vichwa sita vya mtu mmoja ni vya mjomba wake, fundi wa magari katika gereji moja ya Buyenzi, na hapa ndipo pana jambo zito kuliko yote. Mafunzo mengi ya uchoraji wa kompyuta anayoyapata kijana wa Kiafrika hutumia sura nyeupe kwa mfano. Anafundishwa kwamba kivuli ni rangi ya ngozi iliyotiwa weusi, na mwanga ni rangi ya ngozi iliyotiwa weupe. Akilifuata agizo hilo juu ya uso wa mjomba, hupata uso wa majivu, uso wa mgonjwa. Vichwa viwili vya kwanza viko hivyo. Katika cha tatu ameanza kutazama. Ngozi nyeusi yenye jasho hurudisha kilicho mbele yake kama maji yafanyavyo: paji la uso limechukua buluu ya anga iliyoingia mlangoni, taya limechukua wekundu wa udongo, na shavu la upande wa ndani lina kijani hafifu cha lori lililosimama kando. Katika cha tano kivuli chenyewe kina joto, ni hudhurungi iliyoiva na haina weusi hata kidogo. Cha sita hakipendezi kuliko cha tano. Ametia kila alichojifunza kwa mara moja, uso umekuwa kanga. Lakini mfululizo huu, kutoka majivu mpaka kanga, ni hoja nzima dhidi ya vitabu alivyofundishiwa, na ameijenga pasipo kuandika neno. Yule bikizee wa mshindi alikuwa na ngozi ya kamera. Mjomba ana ngozi ya mjomba.

Sehemu iliyobaki ya folda nitaipita upesi. Kuna mashujaa wenye deraya za chuma na mapanga ya moto, wamerudiwa na kurudiwa. Huo ndio mamba muntu wake, unamwimarisha mkono na kumpatia vijisenti kwa vijana wenzake, sina ugomvi nao. Kuna mazoezi ya mikono yasiyofaa, vidole kama ndizi mshale. Kuna brashi moja ya nyota na cheche ambayo natamani angeipoteza. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kwa heshima, na wiki iliyofuata cheche zilikuwapo vile vile.

Swali la waalimu wenzangu litakuwa: tutahukumuje kitu kama hiki darasani? Sioni njia ila kuomba mfululizo. Zoezi moja halihakikiki, kama mstari mmoja wa shairi usivyohakikika. Huhakikika mwendo kutoka la kwanza hadi la kumi, swali lililoulizwa na jibu lililopatikana. Na mwanafunzi aulizwe kwa Kiswahili, ajibu kwa Kiswahili, hata akichanganya na Kirundi na Kifaransa, kama Tshibumba alivyomweleza Fabian bila kungoja kamati ya istilahi. Nimeombwa tena kuwa mwamuzi mwaka huu. Nimekubali kwa sharti kwamba kila mchoraji alete mazoezi yake pamoja na picha yake. Mwenzangu mmoja ameniambia nitawakimbiza washiriki, na huenda ana haki.

Kijana wa Buyenzi ameandikisha jina lake. Kazi anayokusudia kuileta nimeionyeshwa juma lililopita: mikono ya mama yake ikichambua ndagala katika sinia, imepakwa kwa mwanga wa kibatari kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Mkono wa kulia umetoka, pamoja na vidole vyake vyote vitano, na magamba ya samaki yamenasa kwenye pete. Mkono wa kushoto ni baka moja la hudhurungi. Pembeni ameandika saa na hali: saa mbili na dakika kumi usiku, hakuna upepo, chaji imekwisha. Nilimwuliza kama ataumaliza mkono wa kushoto kabla ya maonyesho. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe waonaje?"